Mlango Unaofungukia Nje

Jumanne saa sita mchana fundi wa makochi alirudi chumbani kwake kuchukua futi kamba aliyoisahau kitandani, akamkuta jirani yake amesimama mbele ya mlango na beseni la nguo kiunoni, amekaza shingo kama askari wa lindo. Jirani huyo, ambaye uani wote walimwita Mama Pacha, hata hakumsalimia. Alinyoosha kidole tu.

Pembeni mwa kitasa ubao ulikuwa umechubuka, mweupe kwa ndani, upana wa chuma kilichochomekwa hapo kikapindwa. Kitasa kilikuwa kimening'inia. Mama Pacha alisema alikuwa anatoka kuanika, akaona mgongo wa shati la kijani ukiruka ukuta wa nyuma, uso hakuuona. Angebaki ndani kukamua shuka moja zaidi, wangekuwa wanazungumza habari nyingine.

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwepesi wa mikono na wa majibu, na karakana nzima ilimwita Sindano. Hakulia. Alichutama mbele ya kitasa, akazishika zile skrubu kwa vidole na kuzirudisha mahali pake. Ziliingia bila kubisha. Moja aliichomoa tena akaiweka kiganjani: haikuzidi urefu wa ukucha wake. Alikaa ameitazama. Mwaka mzima amelala nyuma ya mlango uliobandikwa tu, kama picha ukutani.

Aliporudi karakana habari zilikuwa zimeshamtangulia, na kabla ya jua kuzama zilikuwa zimemfikia kaka yake.

Kaka mtu alikuwa mchomeleaji wa mageti, mkubwa wa mwili na wa sauti. Hakupiga simu kuuliza. Kesho yake asubuhi alikuja na pikapu, na nyuma ya pikapu amelaza geti la nondo, limepakwa rangi nyeusi ambayo bado ilinuka. Alimpitia mwenye nyumba, mzee aliyekaa nyumba ya mbele, wakaingia uani pamoja wakizungumzia saruji. Sindano aliwakuta wanapima ukuta wa chumba chake kana kwamba yeye ni mpita njia.

Aliwakaribisha, akamshukuru kaka yake kwa geti, na shukrani yenyewe ilikuwa ya kweli, kwani kazi ilikuwa nzuri, kila ungio limesuguliwa. Kisha akauliza habari ya funguo.

"Ziko mbili," kaka alisema. "Mmoja unakaa kwako, mmoja unakaa kwangu."

"Nipe zote mbili, nitalipokea geti."

"Na siku ukizidiwa humo ndani, nani atakufungulia?"

"Kaka, nimeshafunguliwa vya kutosha."

Mwenye nyumba hakuelewa, akatazama saruji yake. Kaka alielewa, na uso ulimbadilika.

Sindano aliwahi kuolewa. Mume wake alikuwa na tabia moja aliyoiita mapenzi: akitoka kwenda kazini alifunga mlango kwa nje kwa kufuli, ufunguo akautia mfuko wa shati. Mtaa mbaya, alisema. Namlinda mke wangu. Sindano alipikia ndani, akafua ndani, akajifundisha kushona ndani, na kila jioni alisikiliza chuma kikigeuka upande wa pili wa ubao ili ajue kama siku yake imeisha. Aliyekuja kuivunja kufuli ile alikuwa ni huyu huyu kaka, kwa mtaimbo wake mwenyewe, mchana kweupe, akamtoa mdogo wake mbele ya majirani bila kumjibu mtu. Sindano hakuwahi kulisahau jambo hilo na hakutaka kulisahau. Lakini baada ya hapo alikaa kwa kaka na wifi, katika chumba cha watoto, ambako taa ilizimwa kwa amri na kila safari ya kwenda sokoni iliulizwa maswali, na humo ndimo alimogundua kwamba mtu anaweza kupendwa sana na bado asiwe na mlango.

Alipopata kazi ya makochi alitafuta chumba. Mwenye nyumba alimtazama juu hadi chini akasema hapangishi mwanamke anayeishi peke yake mpaka mwanamume asimame nyuma yake. Kaka alisimama. Chumba chote kile, kitanda, televisheni ndogo, robota la vitambaa, pazia la maua, kilisimama juu ya neno la kaka.

Na sasa kaka alitishia kuliondoa. Alisema polepole, bila kufoka, na ndiyo maana lilichoma. Kama mdogo wake hataki geti, yeye hawezi tena kumwambia mzee huyu kwamba yuko salama. Atapakia vitu kwenye pikapu, warudi nyumbani. Kitanda kipo, watoto watabanana. Mwenye nyumba aliitikia kwa kichwa kila sentensi.

"Nipe mpaka Jumapili," Sindano alisema.

"Jumapili kutatokea nini?"

"Mimi nitakuwa ndani, wewe utakuwa nje. Ukiingia, nitapakia mwenyewe. Usipoingia, utamwambia mzee hapa hapa kwamba neno lako lipo palepale, na geti utamuuzia mteja mwingine."

Kaka alicheka kwanza, kicheko cha mtu anayefungulia watu milango waliyopotezea funguo tangu ujana wake. Alisema mlango ule ataufungua huku anatafuna karanga. Lakini alipoona mdogo wake hacheki, alikubali, na wakawekeana masharti kama watu wazima. Atatumia vyombo ambavyo mwizi anaweza kuvificha kwenye suruali, yaani mtaimbo mfupi, bisibisi na nyundo. Mama Pacha atainjika sufuria ya chai, na kazi itaisha chai ikichemka, kwa sababu uani penye watu mwizi hapewi muda zaidi ya huo.

Pikapu liliondoka na geti lake. Sindano alifunga mlango kwa kamba, akaenda kazini.

Fedha ya mlango mpya hakuwa nayo, na ya kitasa cha maana pia hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni mabaki. Karakana ya makochi huzaa mabaki kila siku: vipande vya mbao ngumu, ngozi, mpira, mikanda, bolti zilizotolewa kwenye viti vya zamani. Bosi aliwaruhusu mafundi kuchukua chochote kilichokwisha kufagiliwa. Sindano alianza kufagia mwenyewe.

Ushauri aliupata mwingi kuliko mabaki. Kila mtu alijua namna ya kufunga mlango. Aliyetia sponji alisema aegemeze kiti chini ya mkono wa kitasa. Mpiga rangi alisema atundike makopo matupu yapige kelele. Mwenzake wa meza moja, fundi wa fremu waliyemwita Redio kwa sababu alifunguliwa asubuhi akazimwa jioni, alikuja na njia aliyoiona kuwa ya kisasa kabisa: aweke nje ya mlango jozi ya viatu vikubwa vya kiume, vyenye tope, mwizi ajue humu mna dume.

"Viatu vya mwanamume nilivitoa mlangoni kwa tabu," Sindano alisema. "Sivirudishi."

Yeye alichagua kabari. Alichukua kipande cha mbao ngumu, akakikata mteremko mrefu, akakipiga randa, akakibandika mpira chini ili kisiteleze, kisha, kwa kuwa mkono wake haukuzoea kutoa kitu kikiwa uchi, akakivika ngozi ya kahawia na kuishona kwa uzi mweupe. Redio alikipokea kwa mikono miwili akasema kabari hii inafaa kuolewa. Ilipitishwa meza kwa meza. Sindano aliondoka nayo akiwa na kifua mbele.

Nyumbani alifunga mlango, akapiga goti, akaisukuma kabari chini ya ubao mpaka ikakwama. Kisha akamwita Mama Pacha ajaribu kuingia. Mama Pacha alishika kitasa, akavuta. Mlango ulifunguka wote, taratibu, ukaelekea uani kama kila siku, na kabari ikabaki peke yake sakafuni na ngozi yake ya kahawia.

Mlango ule ulifungukia nje. Sindano alikuwa ameusukuma kwa bega kila asubuhi kwa mwaka mzima, mikono imejaa mifuko, na hakuwahi kulifikiria hilo hata mara moja. Ila mlango wa karakana ulifungukia ndani, na kabari aliipima kwa mlango wa karakana.

Mama Pacha alicheka mpaka akakaa chini kwenye kizingiti. Aliinua ile kabari, akaigeuza, akasema mwizi atashukuru, amewekewa pa kuegemeza kichwa. Sindano naye alicheka, kidogo. Kisha akaacha kucheka, akasimama mlangoni, akaufunga na kuufungua, akaufunga na kuufungua, mpaka mapacha wakatoka kuangalia jirani anafanya nini.

Kiti walichomshauri, kabari yake mwenyewe, vyote vilikuwa vya mlango unaosukumwa. Wake ulivutwa. Basi anahitaji kitu cha kuuvuta kwa ndani, chenye nguvu kuliko mkono wa nje. Na kuvuta ndiyo kazi yake. Mtu akikaa kwenye kochi habebwi na sponji wala kitambaa. Anashikiliwa na mikanda iliyokazwa chini, ambayo haonekani anayeikaza. Sindano alijua kukaza mkanda kuliko fundi yeyote pale karakana. Alikuwa akimwambia kila mwanafunzi kwamba kochi ni mkanda, mengine ni mapambo.

Siku iliyofuata alichukua ubavu wa kochi la watu watatu lililovunjwa, mbao nene, ndefu kuliko upana wa mlango kwa kiasi cha mkono kila upande. Ukiilaza kwa mapana nyuma ya mlango, ncha zake zinaegemea ukuta wa kulia na wa kushoto. Ukiifunga kwenye mlango, anayevuta mlango anaivuta mbao, na mbao inavuta ukuta. Havuti tena ubao mwembamba, anavuta nyumba. Hakutoboa ukuta, hakugusa saruji ya mwenye nyumba. Alitoboa mlango tundu moja tu karibu na kitasa, akapitisha bolti yenye pete: pete ndani, na kwa nje kichwa cha mviringo kilicholala bapa, hakishikiki kwa koleo wala kwa bisibisi. Kisha akachukua mkanda bora kuliko yote karakana, ule mweusi wenye mpira ndani yake, akaupitisha kwenye pete na kuzunguka mbao, akaukaza kwa uzito wake wote, mguu mmoja ukutani, kama anavyokaza kochi la tajiri.

Mama Pacha aliitwa tena. Safari hii alijifunga khanga vizuri, akaweka mguu ukutani, akavuta. Mlango uligoma. Akavuta tena, akaegemea nyuma kwa mwili mzima, na mkanda ukaanza kuvutika. Ulivutika kwa upole, kwa adabu, kama ulivyotengenezwa kuvutika chini ya makalio ya wageni. Ufa ukafunguka. Ukaingia mkono wa Mama Pacha. Mkono ule ulipapasa ukuta, ukakuta kichujio cha chai kimetundikwa kwenye msumari, ukakichukua, ukatoka nacho. Kisha mlango ukajifunga kwa kishindo.

Halafu sauti ya Mama Pacha ikatoka nje, imejaa heshima.

"Fundi, umetengeneza mlango wa kukalia."

Sindano aliketi sakafuni. Miaka yote hiyo amefundishwa, na amefundisha, kwamba mkanda mzuri ni unaokubali kidogo. Unaokataa kabisa humuumiza mkaaji mgongo. Ujuzi wake wote ulikuwa wa kukubali kidogo, na mlango haukuhitaji hilo. Alijichukia kwa muda.

Na muda huo huo ndio wifi yake alioupata kupiga simu. Wifi alikuwa mtu mwema, asiye na neno baya mdomoni. Alisema watoto wameshahamishia nguo zao sanduku moja, droo ya juu iko wazi, wamefurahi shangazi anarudi. Alisema pia kaka yake halali vizuri tangu Jumanne. Usiku anakaa kitandani, anauliza kama mdogo wake atasikia mtu akija. Sindano alimshukuru wifi. Alimwomba awaambie watoto warudishe nguo kwenye droo. Alisema kwa sauti ya kawaida, kisha akakata simu, akaifungua bizimu ya mkanda ule mweusi na kuuviringisha vizuri ili aurudishe karakana. Hasira ilikuwa imekaa mahali pake sasa. Ilikuwa imeacha kumwelekea yeye.

Kaka haogopi bure, hilo alilijua. Yeye mwenyewe aliogopa. Usiku aliamka mara kwa mara kusikiliza ukuta wa nyuma. Lakini kuogopa hakukuwa sababu ya kumpa mtu mwingine ufunguo. Kulikuwa sababu ya kufunga vizuri.

Jumamosi karakana iliingiza viti vya lori kubwa vilivyochanika. Chini ya kimoja dereva alikuwa ameacha mikanda ya kufungia mizigo, imekatika huku na huku, michafu kwa mafuta, na bizimu zake nzito za chuma. Sindano alimuuliza dereva. Dereva alisema imekwisha kazi, achukue. Alichukua kipande akakifunga kwenye mguu wa meza ya randa, akampa Redio upande mwingine, akamwambia avute. Redio alivuta mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Meza ilisogea. Mkanda haukuongezeka hata unene wa kidole.

"Huu hauna huruma," Redio alisema akihema.

"Ndiyo huu."

Jioni Redio alimsindikiza na mashine ya kutobolea, akisema maneno njia nzima. Alipofika alifanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya tangu Jumanne: alinyamaza. Alisimama nje ya mlango, akautazama upande wa pili, ule usio na kitasa. Kisha akagonga bawaba kwa kidole. Mlango unaofungukia nje bawaba zake hukaa nje, na pini za bawaba vilevile. Alisema yeye angekuwa mwizi asingehangaika na kitasa hata kidogo. Angegonga pini tatu zitoke kwa juu, angeung'oa mlango kwa upande huu, angeuegemeza ukutani kwa adabu na kuingia.

Sindano alizihesabu pini kwa kidole. Halafu akamwambia atoboe tundu la pili, upande wa bawaba.

Walifanya kazi mpaka taa za uani zilipowashwa. Bolti ya pili yenye pete ikaingia. Mikanda ikawa miwili, kila mmoja na bizimu yake, ile ya kuvuta ulimi mara moja na ikaachia. Sindano alifumba macho akajaribu kuifungua na kuifunga gizani, tena na tena, kwa sababu mlango usioweza kuufungua kwa haraka alishawahi kukaa nyuma yake. Zile skrubu za ukucha alizitupa, akatia ndefu za kidole kizima, zilizopita fremu na kushika mbao ya ndani. Na kwa ajili ya saa za kazini, alitia pete za kufuli kwa nje, akazifunga kwa bolti zenye nati ndani, badala ya skrubu. Mama Pacha alileta taa ya mkononi na maoni.

Jumapili alasiri uani palijaa. Hakuna aliyealikwa, na hakuna aliyekosa. Mwenye nyumba alileta kiti chake. Wifi alikuja na watoto, wakakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Kaka alishuka na mtaimbo, bisibisi na nyundo, na kweli alikuwa na karanga, amezifunga kwenye karatasi. Aliwasalimia watu wote, akamsalimia mdogo wake kwa kumwekea mkono begani, kisha akamwonyesha ndani kwa kidevu.

Sindano aliingia. Alifunga kitasa, akaweka mbao, akapitisha mkanda wa kwanza, akapitisha wa pili, akakaza. Nje alimsikia Mama Pacha akitangaza kwamba sufuria imeinjikwa, na mtu yeyote asithubutu kupunguza moto.

Kaka alianza na kitasa. Mtaimbo uliingia pale pale palipochubuka, ukapindwa. Skrubu ndefu zilishika, zikalia, zikashika. Alitia bisibisi kando ya mtaimbo, akapiga nyundo, akapinda tena, na hakuwa na mzaha. Sindano aliuona ubao ukitetemeka mbele ya uso wake. Alikuwa na mikono kifuani, hakugusa kitu. Kitasa kilipasuka. Watoto walishangilia upande wa baba yao. Mlango ukaja nje unene wa kidole, ukafika mwisho wa mkanda, ukasimama. Mbao iligonga kuta mbili kwa pamoja, mara moja, kama mtu anayefunga kinywa.

Kaka alivuta. Aliuliza kuna nini humo. Akavuta kwa mikono miwili, kisha mguu ukutani, kisha akaweka mtaimbo kwenye ule ufa akaupinda mpaka akasikika akiguna. Mlango ulirudi na kwenda unene ule ule wa kidole. Mtu alimuuliza kama karanga zimekwisha.

Kisha mtaimbo ukatoka kwenye ufa, hatua zikahamia upande wa pili wa mlango, na Sindano alijua kaka ameziona bawaba. Alisikia nyundo ikigonga juu, pini ya kwanza ikaanguka chini ikalia. Ya pili. Ya tatu ilikuwa na kutu, ikakaa, ikatoka. Nje watu walishusha pumzi, na mwenye nyumba akasema kwa sauti ya masikitiko kwamba basi. Kaka alitia vidole upande wa bawaba akavuta mlango kama anayeng'oa bati.

Haukuja. Haukuwa umeshikwa tena na kitasa wala bawaba, haukuwa umeunganishwa na fremu mahali popote, na haukuja. Aliusukuma, akauvuta, akaupiga teke moja la hasira chini. Sindano alizitazama bizimu mbili zikikaza na kulegea. Jasho lilimtiririka mgongoni. Alitaka kuishika mbao, aisaidie, akajizuia, kwa sababu kama mlango unahitaji mikono yake basi hautamfaa usiku.

"Chai," Mama Pacha alisema. "Imemwagika mpaka kwenye mkaa."

Kaka alisikika akihema upande wa pili. Alipozungumza, alizungumza karibu na ubao, kwa sauti ndogo ambayo waliokuwa nyuma hawakuipata yote.

"Na ukiwa kazini je? Hiyo mbao itajifunga yenyewe?"

"Nikiwa kazini ataiba televisheni," Sindano alimjibu. "Televisheni hailii usiku, kaka. Nitanunua nyingine."

"Na moto ukitokea? Umejifunga humo kama mzigo."

"Sogea, nikuonyeshe."

Alivuta ulimi wa bizimu moja, akavuta wa pili. Mbao ilianguka miguuni pake. Na mlango, uliokuwa hauna tena bawaba wala kitasa wala mkanda, ulikumbuka kwamba hauna kitu, ukaanza kuanguka mzima mzima kuelekea uani.

Kaka hakuwa amesogea. Aliudaka kwa kifua na mikono yote miwili, akarudi hatua, akasimama ameukumbatia, shavu limebanwa kwenye ubao. Ulikuwa mlango mzito wa zamani. Mtaimbo ulikuwa chini, karanga zimetawanyika, na watoto, ambao hawana msimamo, sasa walimshangilia shangazi. Mwenye nyumba aliinuka kwenye kiti aje kusaidia.

"Kaa, mzee wangu," Sindano alimwambia, kwa adabu kabisa. "Kaka ana neno na wewe."

Alikuwa amesimama kwenye fremu tupu, nywele zimejaa vumbi la mbao, na kati yake na watu wote wale hapakuwa na kitu. Kaka alimtazama juu ya ukingo wa mlango. Ubao ulianza kumteleza mikononi.

"Shika upande wa pili," alisema.

"Sema kwanza."

"Mdogo wangu, utaniangukia huu."

"Una nguvu, utauweza. Sema."

Wifi aliziba mdomo kwa upande wa khanga, mabega yakimcheza. Kaka alifumba macho. Na alipoyafumbua, kitu fulani kilikuwa kimemtoka usoni, ile hofu iliyokaa naye tangu Jumanne, au sehemu yake, na alipogeuza shingo kwa mwenye nyumba alizungumza kwa sauti yake ya kawaida, ile inayosikika barabarani.

"Mzee, mwanamke huyu anakaa hapa. Mimi niko nyuma yake kama nilivyosema mwanzo. Ufunguo ni wake, na mambo yake muulize mwenyewe, usinipigie mimi simu." Akavuta pumzi. "Hizi pini nitazichomelea vichwa zisitoke tena, kama atakubali."

"Nakubali," Sindano alisema. "Pini hazina ufunguo."

Ndipo alipotoka nje, akazunguka, akakunja mikono ya gauni, akashika upande wa pili. Alimwambia kaka ainue kidogo, zaidi, arudi kushoto, asimame hapo hapo, na kaka akainua, akarudi, akasimama.